Nani Amekuambia Kompyuta Yako Imekufa?

Washa kompyuta yako ya nyumbani. Ndiyo, hiyo hiyo iliyofunikwa kitambaa cha mama na kugeuzwa mahali pa kuwekea rimoti ya televisheni. Kama skrini inaonyesha picha, kibodi inaandika na feni inazunguka, mashine yako ni nzima. Inaweza kuwa polepole kama matatu inayongoja kujaza saa tano usiku, lakini ni nzima.

Sasa mbona kila mtu anakuambia ni ya kutupa?

Jibu linaanzia Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya bure ya Windows 10, mfumo endeshi uliozinduliwa Julai 2015 na ambao bado uko kwenye kompyuta nyingi hapa kwetu. Kompyuta hizo hazikuzima. Ziliamka kesho yake kama kawaida, watu wakaandika barua zao na kutazama filamu zao. Kilichokwisha ni ulinzi. Kila mwezi kampuni hiyo ilikuwa ikiziba mianya ambayo wadukuzi hugundua ndani ya mfumo. Sasa mianya mipya ikipatikana, inabaki wazi.

Fikiria umepanga nyumba, halafu landilodi anakuambia kuanzia leo hatatengeneza kufuli yoyote ikivunjika. Hajakufukuza. Unaweza kuendelea kuishi humo. Lakini wezi wa mtaa mzima wamesikia tangazo hilo pia.

Ungedhani basi suluhu ni kuhamia Windows 11. Hapo ndipo penye shida. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, ilikuja na masharti. Inataka kompyuta yenye kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na inataka prosesa iliyo kwenye orodha maalum. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane isipokuwa chache tu, yaani mashine zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2017. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria Desemba 2023 kwamba takriban kompyuta milioni 240 duniani zingefungiwa nje na masharti hayo.

Soma hiyo namba tena. Milioni 240. Nyingi kati yake ni mashine zinazofanya kazi vizuri tu.

KWETU KENYA UCHUNGU NI MARA MBILI

Unajua jinsi sisi hununua kompyuta. Wachache huingia dukani na kutoka na mashine mpya kwenye boksi. Wengi wetu tunashuka Luthuli Avenue au Moi Avenue, Nairobi, tunatafuta "ex-UK". Hizi ni laptopu ambazo makampuni ya Ulaya yalizitumia miaka kadhaa, yakabadilisha, zikasafirishwa hadi huku. Mitumba ya kompyuta, kwa kifupi. Na kama mitumba ya nguo, nyingi ni imara kuliko vitu vipya vya bei rahisi.

Lakini tazama hesabu. Mashine maarufu sana kwenye vibanda hivyo ni kama HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na Lenovo ThinkPad T460. Zote tatu zina prosesa za kizazi cha sita. Zote tatu haziko kwenye orodha ya Windows 11. Kwa hivyo sheria iliyotungwa Marekani kwa kumfikiria mteja anayebadilisha laptopu kila baada ya miaka mitatu inakuja kumpiga mwanafunzi wa Eldoret ambaye laptopu yake "mpya" ilizaliwa 2016.

Hebu jipime. Kama mashine yako inatumia Intel, tafuta jina la prosesa kwenye mipangilio. Ukiona i5-6300U, namba ya kwanza baada ya kistari ni 6, hicho ni kizazi cha sita. Ukiona i5-8350U, hicho ni cha nane na uko salama. Ukienda kununua ex-UK leo na muuzaji akuambie "hii iko na Windows 11 tayari", angalia namba hiyo kwanza. Kuna njia za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika, na Microsoft yenyewe husema haiahidi masasisho kwa mashine kama hizo.

Na hapa hatuzungumzii starehe. Juni 30, 2023 serikali ilizindua Gava Mkononi ikiwa na zaidi ya huduma 5,000 kwenye mtandao. Maombi ya vyuo yako KUCCPS, mkopo uko HELB, marejesho ya ushuru yako iTax, na tangu Oktoba 1, 2024 bima ya afya ni SHA. Simu inaweza kukufikisha mahali, lakini jaribu kuandika insha ya kurasa ishirini au kujaza jedwali kubwa kwenye simu yenye skrini iliyopasuka. Nyumba isiyo na kompyuta hulipa ushuru wake kwa cyber, kurasa kwa kurasa, saa kwa saa.

Kwa hivyo swali la nani anaamua kompyuta imezeeka ni swali la nani anabaki ndani na nani anasukumwa nje.

NJIA ULIZO NAZO

Njia ya kwanza ni kununua nyingine. Kama doo iko, nunua, hakuna mtu atakulaumu. Ila wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Usiharakishe kuacha ulichonacho kwa sababu tangazo limekutisha.

Njia ya pili ni kuongezewa muda. Microsoft ilitoa mpango wa masasisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026. Unalipa dola 30, karibu Sh3,900, au unaipata bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Kwa wakazi wa nchi za Ulaya masharti yalilegezwa zaidi. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, mpango huu unakupa nafasi ya kupumua. Lakini ni kupumua tu. Tarehe ikifika, unarudi palepale.

Njia ya tatu ni ile ambayo sote tunaijua na hakuna anayeitaja kwa sauti: Windows ya wizi. Unampelekea fundi, anachomeka flashi, baada ya saa moja unarudi nyumbani na mfumo ambao haujalipiwa. Mbali na kuvunja sheria ya hakimiliki, wewe hujui ni nini kingine kilichoingia na ile programu ya kuvunja kufuli. Mtu aliyekupa kitu cha bure ambacho si chake, kwa nini umwamini na nywila ya M-Pesa na barua pepe yako? Halafu hata hiyo ya wizi inakumbana na masharti yale yale ya prosesa.

Njia ya nne ndiyo imenifanya niandike: Linux.

LINUX NI NINI HASA

Mwaka wa 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, alitangaza kwamba anaunda mfumo endeshi kama kazi ya kujifurahisha. Aliuweka wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na kuusambaza. Watu wakajiunga. Leo kiini cha kazi hiyo kiko ndani ya kila simu ya Android, pamoja na hiyo unayosomea makala haya kama ni Android. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Kwa hivyo mtu akikuambia Linux ni ya watu wa ajabu wanaokaa gizani, mwambie iko mfukoni mwake.

Linux haiji kwa sura moja. Watu mbalimbali huchukua kiini hicho na kukivalisha nguo, kila kikundi na mtindo wake. Ubuntu, mojawapo ya maarufu zaidi, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni neno la lugha za Kibantu za kusini, ndugu wa damu wa neno letu "utu". Mwaka huo huo wa 2004, majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Programu huru zinakuruhusu kuzifanya ziseme lugha yako.

Kwa kompyuta kuukuu ya nyumbani, ninayopendekeza mara nyingi ni Linux Mint, toleo la Xfce. Imetengenezwa juu ya Ubuntu, inafanana na Windows kwa mpangilio, ina kitufe cha menyu chini kushoto, na haitakushtua. Mahitaji yake ni RAM ya 2GB kwa uchache, lakini 4GB ndiyo ya kukufanya ufurahie. Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itapata masasisho hadi 2029. Bila malipo.

Mimi chuo nilikiacha katikati, na mengi ninayoyajua kuhusu kompyuta nimefunzwa na mashine kuukuu zinazoendeshwa na Linux. Haikuulizi cheti. Kila kitu kiko wazi, unakifungua unaona kinavyofanya kazi, unakiharibu, unakirudisha. Kwa kijana asiye na karo, hiyo ni shule.

ITAFANYA KAZI ZANGU?

Hapa nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu wapenzi wa Linux wengine huongea kama wahubiri wa kwenye basi.

Chochote unachofanya ndani ya kivinjari kitafanya kazi. eCitizen, KUCCPS, HELB, SHA, Gmail, Google Docs, WhatsApp ya kompyuta, YouTube, yote sawa. Firefox inakuja ikiwa tayari, na Chrome unaweza kuiweka. Zoom ina toleo la Linux. VLC ipo kwa filamu zako. Kwa kazi za ofisi kuna LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi faili za Word na Excel.

Lakini LibreOffice si Word. Barua rahisi haina shida. Hati yenye majedwali na mapambo mengi inaweza kufunguka ikiwa imepinda kidogo. Kwa hivyo ukiandika wasifu wa kuomba kazi, utume ukiwa PDF, usitume faili ya Word. Majedwali ya Excel yenye vijiprogramu ndani yake ndiyo husumbua zaidi, kwa hivyo kama kazini kwako mnatumia hayo, jaribu kwanza.

Photoshop haina toleo la Linux. AutoCAD vilevile. Michezo kama Valorant na Fortnite haitakubali kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu. Baadhi ya mitihani ya mtandaoni inayomlinda mtahiniwa kwa kamera hutaka Windows au Mac. Kama riziki yako iko kwenye mojawapo ya hizo, baki na Windows kwenye mashine ya kazi, halafu uifufue ile kuukuu kwa ajili ya nyumbani.

Jambo lingine: Linux haifanyi miujiza ya chuma. Jirani yangu hapa Umoja ana kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core 2 Duo, ya zamani sana, na RAM ya 4GB. Tuliiwekea Mint ya Xfce na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD ya 120GB. Sasa inawaka chini ya dakika moja na binti yake anaandikia kazi za shule humo. Lakini ukifungua vichupo kumi vya kivinjari kwa pamoja, inalia. Tovuti za siku hizi ni nzito, na uzito huo hakuna mfumo utakaouondoa. Ukiwa na pesa kidogo za kutumia kwa mashine kuukuu, anza na SSD, kisha RAM. SSD ndiyo utakayoisikia mara moja.

Na kuna mashine ambazo muda wao umefika kweli. Zile za biti 32, nyingi zikiwa za kabla ya 2007 hivi, hata Linux imeanza kuziacha. Debian, mojawapo ya matoleo makongwe zaidi, ilipotoa toleo la 13 Agosti 2025 haikuweka tena kisakinishi cha mashine hizo. Tofauti ni kwamba ziliachwa baada ya takriban miaka ishirini, tena kwa majadiliano ya wazi yaliyoendelea kwa muda mrefu.

UNAVYOANZA

Kwanza, nakili faili zako. Picha za harusi, vyeti, kazi za chuo, zote ziweke kwenye diski ya nje au mahali pengine nje ya kompyuta. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kugusa chochote.

Pili, tafuta flashi ya 8GB isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa. Pakua Mint kutoka tovuti yake rasmi. Faili ni karibu 3GB, kwa hivyo usiipakue kwa bando za siku. Nenda mahali penye Wi-Fi: chuoni, maktaba, kwa rafiki mwenye intaneti ya nyumbani. Au tafuta mtu aliyeipakua tayari umnakilie. Hilo linaruhusiwa kabisa.

Tatu, tumia programu ndogo ya bure iitwayo Rufus kuiweka hiyo faili kwenye flashi. Kunakili tu kwa kipanya hakutatosha, kompyuta haitaweza kuwaka kutoka kwake.

Nne, zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwa Dell na ThinkPad ni F12. Kwa HP ni F9. Chagua flashi yako.

Tano, na hapa ndipo watu wengi hushangaa: Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Bado hujaweka chochote. Zunguka humo. Angalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kamera inaona, kibodi iko sawa. Wi-Fi ikigoma, kama inavyotokea kwa baadhi ya kadi za Broadcom, chukua simu yako, iunganishe kwa waya wa USB na uwashe kugawa intaneti. Ukishaingia mtandaoni, Mint ina kidirisha cha kukutafutia dereva wa kadi hiyo. Usipopenda unachokiona, toa flashi, zima, washa tena. Windows yako iko palepale.

Sita, ukiridhika, bonyeza alama ya kusakinisha iliyo kwenye skrini. Utaulizwa kama unataka kuiweka kando ya Windows, uwe unachagua kila unapowasha, au kufuta kila kitu. Kwa mtu wa kwanza, kuweka kando kwa kando ni uoga mzuri. Kwa mashine yenye diski ndogo au inayolemewa, futa yote uanze upya. Kisha fungua programu iitwayo Timeshift na uiwashe. Inapiga picha za mfumo wako, ili siku ukiharibu kitu uweze kurudi nyuma.

Mchana mmoja unatosha.

KWA NINI FUNDI HAKUAMBII HAYA?

Nimewauliza mafundi kadhaa mtaani. Majibu yao yana mantiki. Mteja akija anasema "niwekee Windows", hakuna anayesema "niwekee mfumo salama unaofaa mashine yangu". Fundi akimpa Linux, mteja anarudi baada ya siku mbili akilalamika kwamba Word imepotea. Fundi anapoteza muda na jina. Kwa hivyo anaweka ile ya wizi, anapokea pesa yake, maisha yanasonga.

Shida imeanzia mbali. Shuleni tulifunzwa Word, hatukufunzwa kuandika hati. Tulifunzwa Excel, hatukufunzwa kupanga hesabu. Ukimfunza mtoto kitufe badala ya kazi, siku kitufe kikihamishwa anapotea. Ndiyo maana Linux inaonekana ngumu. Ugumu wake mwingi ni ugeni tu.

Lakini kwa kijana mwenye macho, hapo pia kuna kazi. Leseni za programu hizi zinakuruhusu kulipwa kwa huduma. Huuzi Linux, unauza muda wako: kunakili faili za mteja, kusakinisha, kubadilisha diski, na kukaa naye saa moja umwonyeshe mahali kila kitu kilipo. Hiyo saa moja ndiyo mafundi wengi hawaitoi, na ndiyo itakayomfanya mteja asirudi akilia. Flashi ya mtaji ni rahisi kuliko mtaji wa kibanda cha chipsi.

NA WAKUBWA WETU?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 kuhusu taka za kielektroniki ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa vyema. Ndani ya kompyuta kuna risasi na sumu nyingine ambazo hutaki ziishie Dandora, ambako vijana kama sisi huchoma nyaya watoe shaba. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayoweka wajibu kwa wazalishaji na waagizaji kushughulikia bidhaa zao zikishatumika. Ni hatua nzuri. Ila taka bora ni ile ambayo haijawa taka.

Ofisi za umma zina kompyuta ngapi ambazo zitastaafishwa kwa sababu ya masharti ya Windows 11? Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaruhusu mali isiyohitajika kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, wala si lazima ipigwe mnada. Shule ya sekondari ya kaunti ni taasisi ya umma. Mashine ya kizazi cha sita yenye Linux, kwenye shule ambayo wanafunzi arobaini wanachangia kompyuta moja, si mzee wa kuzikwa. Ni mwalimu aliyehamishwa.

Na msiniambie serikali haziwezi. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilitangaza Aprili 2024 kwamba linahamisha kompyuta 30,000 hivi za serikali kwenda LibreOffice, na baadaye Linux. Moja ya sababu walizotoa ni kutaka kujitawala kidijitali. Wajerumani wenye pesa wanahofia kuamuliwa na kampuni moja. Sisi tunaokopa kila mwaka, tunajiamini na nini?

Simaanishi Windows ni mbaya. Kuna watu inawafaa, na wanailipia kihalali. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mashine niliyoinunua kwa jasho langu ina tarehe ya kufa iliyopangwa na mtu ambaye hatawahi kuiona. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee. Sisi Wakenya tunapenda kipya. Lakini kidonda chenyewe tunakilipia kwa mkopo wa simu.

Kwa hivyo wikendi hii, chomoa hiyo mashine chini ya kitambaa, pangusa vumbi, na uangalie namba ya prosesa. Nakili picha zako. Azima flashi. Ijaribu bila kusakinisha, ujionee mwenyewe. Ikikataa, ipeleke kwa wanaochakata kihalali kama WEEE Centre hapa Nairobi, usiitupe kwa pipa. Ikikubali, kuna binamu, jirani au mwanafunzi wa mtaa wenu ambaye wiki hii amelipia cyber mara tatu. Mpigie simu.